Hesabu Maneno, Lakini Kwanza Sema Neno ni Nini

Leo naomba tukae na zoezi moja dogo la kompyuta, la aina ambayo walimu wa programu huwapa wanafunzi wao wiki za mwanzo. Zoezi linasema hivi: umepewa faili la maandishi. Andika programu itakayolisoma, ihesabu kila neno limetokea mara ngapi, kisha itoe orodha, neno lililotokea mara nyingi zaidi likiwa juu. Basi. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna kitufe cha kubonyeza. Maandishi yanaingia, orodha inatoka.

Nimelichagua kwa sababu linaonekana jepesi, na kwa sababu anayelifanya kwa maandishi ya Kiswahili hukumbana na mambo ambayo kitabu chake cha mafunzo hakikuyagusa. Dai langu jioni hii ni kwamba ugumu wote wa zoezi hili uko pale mtu anapoamua neno ni nini. Akishaamua, mashine inamaliza kazi kabla hajapepesa jicho. Asipoamua, mashine itamwamulia, na haitamwambia.

Sitakusomea msimbo hewani. Mabano na nukta-mkato havisikiki redioni. Nitakueleza kwa maneno ya kawaida kinachofanyika, na mwenye kompyuta karibu atajaribu mwenyewe baadaye.

Lugha nitakayoitumia inaitwa AWK. Ilizaliwa mwaka 1977 katika maabara za Bell Labs, New Jersey, Marekani, palepale ulipozaliwa mfumo wa Unix. Jina lake ni herufi za kwanza za majina ya ukoo ya watu watatu walioiunda: Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan. Hawakuiunda ili watu watengenezee michezo. Waliiunda kwa ajili ya kugeuza data: unaipa orodha iliyopangwa hivi, inakurudishia iliyopangwa vile, imejumlishwa, imechujwa, imesafishwa. Hadi leo imo ndani ya karibu kila kompyuta ya Linux na ya Apple, hata kama mwenye kompyuta hajawahi kuisikia.

AWK husoma faili mstari baada ya mstari. Kila mstari unaofika huukata vipande penye nafasi, na kila kipande hukipa namba: cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Kazi yako ni kuandika kanuni zenye pande mbili: ukiona mstari wa namna hii, fanya hivi. Usipotaja namna ya mstari, kanuni inaihusu mistari yote. Ipo pia kanuni inayosubiri mpaka faili liishe, na hapo ndipo unapotoa majumlisho yako.

Kuhesabu kwenyewe hakuna tofauti na kuhesabu kura za kiranja wa darasa. Mmoja anafungua karatasi na kusoma jina kwa sauti, mwenzake yuko ubaoni na chaki. Jina likisomwa mara ya kwanza, analiandika na kuchora kijistari mbele yake. Likisomwa tena, anaongeza kijistari. Hakupewa orodha ya majina mapema. Ubao unajaa kadiri kura zinavyofunguliwa. AWK ina jedwali linalofanya kazi ya ubao huo. Ukilitajia neno ambalo bado halimo, linachukulia kwamba hesabu yake ni sifuri, kisha linaongeza moja. Katika lugha ya C, iliyokuwa ikitumika katika maabara hizohizo, ungelazimika kwanza kulijenga jedwali lenyewe. Katika AWK, programu nzima ni mistari miwili mitatu.

Sasa tuijaribu. Chukua sentensi mbili fupi: "Simba alimwona ng'ombe. Ng'ombe alimwona simba." Mimi na wewe tukisikia hivyo tunahesabu maneno matatu, kila moja limetokea mara mbili. Iendeshe programu yetu ya mistari miwili, halafu tazama majibu. "Alimwona" mara mbili, sawa. Lakini kuna Simba mwenye S kubwa, mara moja. Kuna simba mwenye s ndogo aliyeshikana na nukta, mara moja. Kuna Ng'ombe wa herufi kubwa, mara moja, na ng'ombe wa herufi ndogo, naye kaburuta nukta yake, mara moja. Maneno matatu yamekuwa matano.

Programu haina kosa la kisarufi. Imefanya ilivyoambiwa: neno ni chochote kilicho kati ya nafasi na nafasi. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo fasili tuliyoipa bila kujua kwamba tunaitoa.

Mwanafunzi yeyote hapo hufanya mambo mawili. Anageuza kila kitu kuwa herufi ndogo, kisha anaiambia programu: kila kisicho herufi, weka nafasi mahali pake. Nukta zinaondoka, mikato inaondoka, mabano yanaondoka. Anaiendesha tena, na majibu yanakuja safi kwa kutazama: simba mara mbili, alimwona mara mbili, "ng" mara mbili, "ombe" mara mbili. Ng'ombe wetu amechinjwa, kichwa huku na kiwiliwili kule.

Kosa hilo lina historia ya heshima. Mwaka 1986 Jon Bentley, aliyekuwa akiandika safu katika jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aonyeshe mtindo wake wa kuandika programu kama maandishi ya kusomwa na binadamu. Tatizo alilompa lilikuwa karibu hilihili letu: soma maandishi, utoe maneno yanayotokea zaidi pamoja na hesabu zake. Knuth akaandika programu ya kurasa kadhaa, iliyosukwa kwa ustadi, pamoja na maelezo ya kila hatua. Bentley akampa Doug McIlroy wa Bell Labs aihakiki.

McIlroy ndiye aliyekuwa ameshikilia wazo la paipu katika Unix, yaani kuunganisha programu ndogondogo ili kinachotoka katika moja kiingie katika nyingine. Aliisifu kazi ya Knuth, kisha akaonyesha kwamba amri sita zilizokuwa zimekwisha kuwepo, zikiunganishwa kwa paipu, zinafikia jibu lilelile. Ya kwanza inabadilisha kila kisicho herufi kuwa mstari mpya, hivyo kila neno linakaa mstari wake. Ya pili inageuza herufi kubwa kuwa ndogo. Ya tatu inapanga kialfabeti, ili maneno yanayofanana yakae pamoja. Ya nne inahesabu yanayofuatana. Ya tano inapanga tena kwa hesabu, kubwa juu. Ya sita inakata orodha mahali unapotaka ikome.

Wanaprogramu wamekisimulia kisa hiki tangu hapo, mara nyingi kwa kumcheka Knuth. Naona wanamwonea. Yeye aliombwa aonyeshe mtindo wa uandishi, hakuombwa afupishe. Kinachonivutia mimi ni kwamba wote wawili wanatumia fasili moja: neno ni herufi za alfabeti zinazofuatana bila kukatizwa. Tofauti ni kwamba Knuth aliitamka fasili hiyo waziwazi ndani ya maelezo yake, msomaji akaiona na angeweza kuibishia. Kwa McIlroy imejificha ndani ya amri ya kwanza, na anayeinakili anainakili pamoja na uamuzi asioujua. Kiingereza chenyewe kinaumia kidogo, maana nacho kina alama kama ile ya ng'ombe katika vifupisho vyake. Kwetu sisi kinachoumia ni sauti kamili ya lugha.

Alama hiyo kwa Kiswahili ni ritifaa, ile inayokaa baada ya ng katika ng'ombe, ng'ambo, kung'ata, kung'aa. Wapo wanaosema tuifute tu, tuunganishe herufi zilizobaki. Ukifanya hivyo, ng'ombe anapona na kuwa ngombe, lakini ng'oa ya kung'oa jino inaangukia kwenye ngoa, ile ya mtu anayelilia ngoa kwa wivu. Maneno mawili yenye maana mbali yanakaa kwenye kijistari kimoja. Ritifaa lazima ibaki.

Basi kanuni iwe: kila kisicho herufi wala ritifaa, weka nafasi. Hapo mashine inakutolea jipya. Mwandishi amenukuu neno ndani ya alama moja za nukuu, na alama hizo ni ritifaa zilezile. Sasa 'habari' iliyonukuliwa ni neno tofauti na habari ya kawaida. Unaongeza kanuni: ritifaa iliyo katikati ya herufi mbili ibaki, iliyo pembeni iondoke. Na usiwe mjanja kupita kiasi ukasema ibaki tu ikifuatwa na irabu. Majina ya Kisukuma yanayoanza kwa Ng'w yatakuvunjikia mkononi, na kanda ya ziwa nzima itakuuliza.

Bado hatujamaliza na alama hii. Ukiandika ng'ombe katika faili la kawaida, ritifaa inayoingia ni ile iliyonyooka, namba 39 katika orodha ya ASCII. Ukiandika katika programu za kuandikia barua na ripoti, mara nyingi programu yenyewe inaibadilisha kuwa ile iliyopinda, namba 8217 katika orodha ya Unicode. Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni vitu viwili, na kwa hiyo una ng'ombe wa aina mbili katika orodha yako, kila mmoja na hesabu yake. Ile iliyopinda ikihifadhiwa kwa UTF-8 inachukua baiti tatu, na AWK ya zamani ilitazama baiti moja moja, kwa hiyo kwake hiyo haikuwa herufi wala alama. Ilikuwa vipande vitatu visivyo na maana. AWK ya mradi wa GNU ilitangulia kurekebisha hilo. Ile ya asili ilisubiri hadi Brian Kernighan mwenyewe, akiwa na miaka 80, alipokaa mwaka 2022 na kuanza kuifundisha kusoma Unicode. Toleo la pili la kitabu cha waundaji hao watatu kuhusu AWK lilitoka 2023, miaka 35 baada ya lile la 1988.

Na kuna kichekesho cha mwisho. Desturi ya kuandika programu ya AWK moja kwa moja kwenye dirisha la amri ni kuizungushia alama pande zote mbili ili mfumo ujue inaanzia wapi na kuishia wapi. Alama hiyo ni ritifaa iliyonyooka. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiambia AWK "iache ritifaa ya ng'ombe", akiiandika tu ndani ya kanuni yake, mfumo unadhani programu imeisha, na anapigwa ujumbe wa kosa usiomsaidia kitu. Dawa zipo mbili. Iandike programu yako katika faili lake, uiite kutoka huko. Au ndani ya kanuni badala ya kuichora alama, itaje kwa namba: mkwaju wa nyuma kisha 047, ambayo ndiyo 39 ikihesabiwa kwa kizio cha nane. Mwanafunzi anayesoma mifano ya Kiingereza tu anaweza kwenda mbali bila kulikuta tatizo hili. Wa Kiswahili analikuta kwenye ng'ombe wa kwanza.

Turudi kwa simba. Tulipogeuza kila kitu kuwa herufi ndogo, tulifanya vizuri kwa neno linaloanza sentensi. Lakini faili lako likiwa ni kurasa za michezo za Dar es Salaam, Simba wa herufi kubwa ni klabu ya Msimbazi, na simba wa herufi ndogo yuko Mikumi anakula swala. Ukiwaunganisha, hesabu yako ya wanyamapori itapanda kila wiki ya mechi ya watani. Ukiwatenganisha kwa kuacha herufi kubwa zilivyo, basi "Na", "Kwa" na "Lakini" za mwanzo wa sentensi zinatengana na ndugu zao. Hakuna kanuni fupi itakayokuokoa hapo. Unauliza: orodha hii ni ya nini? Kama ni ya mchapishaji anayetaka kujua msamiati wa kitabu cha watoto, unganisha. Kama ni ya mchambuzi wa magazeti anayetaka kujua klabu gani inaandikwa zaidi, tenganisha, ukubali usumbufu wa mwanzo wa sentensi.

Mengine niyapitie haraka. Jedwali la AWK halikuahidi mpangilio wowote wakati wa kutoa majibu. Orodha ikitoka imepangika ni bahati, kwa hiyo ipitishe kwenye amri ya kupanga. Amri hiyo nayo, usipoiambia kwamba zile ni namba, itapanga kama maneno na kuweka 10 kabla ya 9, kwa sababu 1 hutangulia 9. Maneno yenye hesabu sawa, amua yafuate alfabeti, vinginevyo majibu ya leo na ya kesho yatapishana. Na "polepole" iliyoandikwa pamoja haitakutana na "pole pole" iliyotenganishwa.

Penye uzito zaidi ni hapa. Tuseme umesafisha kila kitu na orodha yako imetoka vizuri. Juu utakuta "na", "ya", "wa", "kwa", kama ulivyotarajia. Lakini tazama: ya, wa, la, cha, vya, za ni kihusishi kimoja kinachobadilika kwa kufuata ngeli, nacho kimegawanywa katika mistari sita. Shuka chini uangalie vitenzi. Alimwona, waliwaona, tutaonana, hawajaonekana: kila kimoja kina hesabu ndogo, na mtu akikuuliza kitenzi cha kuona kimetumika mara ngapi, orodha yako haina jibu. Kamusi zetu zilishalijua hili. Ukitafuta "hawajaonekana" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu hutalipata. Utaelekezwa na akili yako mwenyewe uende kwenye "ona".

Mwanafunzi mwenye hamasa atasema: nitakata viambishi. Nikiona "ali" mwanzoni, naondoa. Nikiona "wata", naondoa. Nikiona "ana", naondoa. Ajaribu. Alizeti itakuwa "zeti". Watakatifu watabaki "katifu". Anasa itabaki "sa", na kitenzi "alika", cha kualika mtu harusini, kitabaki "ka". Kukata viambishi vya Kiswahili kwa usahihi ni kazi ya wataalamu wa isimu na kompyuta pamoja. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitumia miaka mingi kujenga mfumo wa SALAMA unaochambua maneno ya Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Kanuni tatu za AWK hazitaufikia mfumo huo, na hazihitaji. Kinachohitajika ni mwandishi wa kanuni hizo ajue mahali zinapokomea na aseme hivyo.

Najua mtu mmoja huko anasema: mzee, siku hizi unaiomba akili mnemba, inakuandikia programu hiyo kabla hujamaliza chai. Kweli, itaandika, na mara nyingi itaandika vizuri. Lakini ukiiambia tu "hesabu maneno", itachagua fasili ya neno kwa niaba yako, na ni rahisi sana ichague ile ya herufi zinazofuatana, kwa kuwa ndiyo imejaa katika mifano ya miaka yote. Orodha itatoka nadhifu, na "ombe" atakuwemo katikati ya maelfu ya mistari, hakuna atakayemwona. Ukija umeshaamua, unaiambia: ritifaa ya katikati ibaki, iliyopinda igeuzwe iwe iliyonyooka, Simba asiunganishwe na simba. Hapo umeipa kazi. Bila hayo umeipa madaraka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana anayejifunza, na kwa mwalimu wake. Kabla ya kugusa kibodi, andikeni sentensi tatu nne za Kiswahili zenye mitego yote hii: ng'ombe mmoja mwanzoni mwa sentensi na mwingine mwishoni, neno moja ndani ya nukuu, ritifaa moja iliyopinda, jina moja la Kisukuma. Hesabuni maneno yake kwa kalamu na karatasi. Mtabishana, na ubishi huo ndio somo. Mkikubaliana, andikeni maamuzi yenu kwa Kiswahili kizuri juu kabisa ya faili la programu. AWK inaruka maandishi yoyote yanayofuata alama ya reli (#) kwenye mstari, kwa hiyo hayataizuia kitu. Ndipo muandike kanuni, moja kwa kila uamuzi, na muendeshe programu kwenye sentensi zenu kabla ya kuipa gazeti zima. Majibu yakitofautiana na karatasi, mnajua ni uamuzi gani haukutekelezwa.

Na siku utakapompelekea mtu orodha yako, awe mhariri, mtafiti au bosi wako, usimpelekee namba peke yake. Mpe na yale maamuzi ya juu ya faili. Yeye ndiye atakayejua kama swali lake lilikuwa la klabu au la mnyama.